Kisu cha kukunja cha mfukoni: feleji ipi inastahili bei yake? (S35VN, M390, MagnaCut, S90V na wenzao)

#1 MfukoWaKulia

Wakuu habari. Natafuta kisu kimoja cha kukunja cha kukaa nacho miaka. Kazi zake: kufungua na kukatakata maboksi karibu kila siku, kamba za katani na nailoni, matunda, na mara mojamoja kuchonga kijiti. Si cha kujihami wala cha kubandulia misumari.

Ninakokwama ni kwenye feleji. S30V, S35VN, S90V, M390, 20CV, MagnaCut, Elmax, D2, 14C28N… bei zinapishana mara tatu hadi nne na kila muuzaji anaapa kwamba yake ndiyo mwisho. Je, tofauti ni ya kweli au ni maandishi tu kwenye bapa? Na nikishalipia feleji ya bei, ni kitu gani kingine nisikosee?

#2 Kinoo

Kabla ya feleji, jibu mawili. Utanoa kwa kutumia nini? Na kisu kitalowa mara ngapi, kwa maji gani? Ukishajibu, nusu ya orodha yako itajifuta.

#3 MfukoWaKulia

Kinoo nilicho nacho ni kile cha kawaida cha pande mbili, upande mmoja mkwaruzo mwingine laini. Kulowa ni jasho, maji ya matunda na mvua. Bahari hapana.

#4 Feleji62

Karibu jukwaani mkuu. Tofauti ni ya kweli, ila lazima ujue ni tofauti ya nini.

Feleji ya kawaida humiminwa kwenye kalibu ikapoa polepole. Ikiwa na kaboni nyingi, zile punje ngumu za kabaidi (kaboni iliyoshikana na kromiamu, vanadiamu n.k.) hupata muda wa kukua na kujikusanya. Ndiyo maana D2 ya kawaida ina punje zinazofika makumi ya mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Feleji za unga, yaani zenye CPM mbele ya jina kamili (kama CPM S30V au CPM MagnaCut) pamoja na M390 na Elmax, hupulizwa kwa gesi zikiwa bado uji wa moto. Kila kitone kinaganda papo hapo, unga unafungiwa ndani ya kopo la chuma, kisha unashindiliwa kwa joto na shinikizo hadi uwe kipande kimoja. Punje zinabaki za mikroni chache na zimetawanyika sawasawa. Hapo unaweza kujaza vanadiamu bila bapa kumeguka kama tofali. Kazi hiyo yote ndiyo unayoilipia.

Sasa majina, namba ni asilimia:

S30V, ya Crucible, ilitoka 2001: kaboni 1.45, kromiamu 14, vanadiamu 4, molibdenamu 2. Ni feleji ya unga iliyotungwa kwa ajili ya visu, na mpaka leo hakuna cha kuionea haya.

S35VN, 2009. Vanadiamu ikashushwa hadi 3, ikaongezwa niobiamu 0.5. Inastahimili kumeguka zaidi ya S30V na hainoleki kwa shida. S45VN ya 2019 ni hiyohiyo iliyoongezewa kromiamu hadi 16 na nitrojeni kidogo, yaani wameisogeza upande wa kutoshika kutu.

M390 ya Böhler, 20CV ya Crucible na 204P ya Carpenter ni mapacha wa viwanda vitatu: kaboni 1.9, kromiamu 20, vanadiamu 4. Usikeshe ukilinganisha kisu chenye M390 na chenye 20CV, linganisha kitu kingine.

S90V: kaboni 2.3, vanadiamu 9. Kwenye maboksi haichoki. Kwenye kinoo chako wewe ndiye utakayechoka.

MagnaCut, 2021, imetungwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas: kaboni 1.15, kromiamu 10.7, vanadiamu 4, niobiamu 2, molibdenamu 2, nitrojeni 0.2. Hii nitairudia kwa sababu watu wanaisoma vibaya.

14C28N, ya Sandvik (kitengo hicho sasa kinaitwa Alleima), si ya unga. Kaboni 0.62, kromiamu 14, nitrojeni 0.11. Bei ndogo, inashika makali membamba sana, inanoleka kwa jiwe lolote.

#5 Mchonga Vijiti

> Feleji62 alisema: kromiamu 10.7

Hapo ndipo wengi wanaruka. Wanaona D2 ina kromiamu 12 na inashika kutu, basi wanasema MagnaCut yenye 10.7 itaoza.

#6 Feleji62

Ndiyo hasa. Kromiamu inayozuia kutu ni ile iliyoyeyuka ndani ya chuma chenyewe. Iliyonaswa ndani ya kabaidi haikusaidii kitu upande wa kutu. D2 ina kaboni 1.5 au zaidi, na kaboni hiyo inakamata sehemu kubwa ya kromiamu, kwa hiyo ya kulinda inabaki kidogo. MagnaCut ilipangwa ili kaboni ishikane na vanadiamu na niobiamu badala ya kromiamu, na ikishatiwa moto na kuzimwa vizuri karibu kromiamu yote iko huru. Ndiyo maana inazuia kutu vizuri kuliko S30V yenye 14.

Faida ya pili ni hiyohiyo ukiitazama upande wa pili. Kabaidi ya kromiamu ina ugumu wa Vickers wa karibu 1500 hivi, ya vanadiamu ni karibu 2800. Ukiondoa zile laini na kubwa ukabaki na chache ngumu na ndogo, unapata uvumilivu wa kuchakaa bila kulipa kwa kumeguka. M390 nayo ina kromiamu 20, lakini nyingi imo ndani ya kabaidi. Bado inazuia kutu vizuri sana, ila si kwa kiwango ambacho ile 20 ingekufanya udhani.

#7 Tupa Bapa

Feleji62 kaeleza vizuri, lakini mnunuzi akiishia hapo ataumia. Jina lililochorwa kwenye bapa ni mapishi tu. Chakula kinategemea mpishi.

Bapa linatiwa moto hadi zaidi ya nyuzi 1000 za Selsiasi (kwa feleji hizi aghalabu kati ya 1050 na 1150), linazimwa haraka, mara nyingi linagandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi −196 ili muundo laini uliosalia ugeuke kuwa mgumu, kisha linarudishwa kwenye moto mdogo mara mbili au zaidi lisiwe kama kioo. Joto likipungua kidogo, au mtu akichelewa kulizima, unapata M390 ya Rockwell (kipimo cha ugumu) 57 badala ya 61. Jina ni lilelile na bei ni ileile, ila makali yanalala kila ukigusa waya.

Kwa hiyo namba ya Rockwell (HRC) ni swali la kwanza kwa muuzaji. Ninavyoona mimi viwango vya kudai ni hivi: S30V, S35VN na S45VN 59 hadi 61. M390 na mapacha wake 60 hadi 62. S90V 59 hadi 61. Elmax 60 hadi 62. 14C28N 58 hadi 62, na ni feleji nyingine kabisa ukiipata 60 na zaidi. MagnaCut 62 hadi 64. MagnaCut ya 60 ni kununua gari la mbio ukaliendesha gia ya pili. Ushupavu wake wote uliwekwa ili uweze kupandisha ugumu, sasa usipoupandisha umelipia nini?

Kiwanda kikiandika "58–62", hicho ni kichaka cha kujificha. Kinachojiamini kinataja nafasi ya nyuzi mbili.

#8 MfukoWaKulia

Sasa HRC naweza kuipima mwenyewe?

#9 Tupa Bapa

Kwa usahihi, hapana. Kipimo halisi kinasukuma koni ya almasi ndani ya chuma kwa uzito wa kilo 150 na kinaacha kishimo. Kuna seti za tupa zilizopimwa, 40 hadi 65 zikipandana kwa tano, unajaribu ipi inakwaruza na ipi inateleza. Zinakupa jibu la "kati ya 60 na 65", si zaidi. Zinatosha kumkamata mwongo mkubwa tu.

Na usikimbilie kulaumu makali ya siku ya kwanza. Viwanda vingi vinanoa kwa mkanda mkavu unaokwenda kasi, ule ukingo mwembamba kabisa unapata joto na kulainika. Hauonekani kwa macho. Noa mara mbili tatu kwa mkono, ondoa ile sehemu iliyoungua, ndipo uhukumu.

#10 Mchonga Vijiti

Mmeshasahau umbo. Kinachokata ni wembamba, feleji kazi yake ni kuulinda wembamba huo usiharibike.

Vipimo viwili vya kuuliza. Unene wa mgongo: kwa kazi zako milimita 2.5 hadi 3.2 inatosha. Bapa la milimita 4 kwenye kisu cha kukunja linapasua tufaha badala ya kulikata, na kwenye boksi linakwama kwenye mabega. Cha pili, ambacho ni muhimu kuliko cha kwanza na hakiandikwi karibu popote: unene pale mteremko wa bapa unapoishia na mnoo (ule ukanda mwembamba ulionolewa) unapoanza. Milimita 0.3 hadi 0.5 ni kisu cha kukata. Ikifika 0.7 na kuendelea una kipande cha chuma kilichonolewa, hata kama ni MagnaCut ya 64.

Ukienda kwenye miteremko: lililochongwa bapa moja kwa moja kutoka mgongoni hadi makali ndilo la kila kazi. Lililokombwa ndani linaingia kwa urahisi mwanzoni halafu linakutana na unene, zuri kwa kamba na ngozi, baya kwa kukata kitu kirefu kama karoti. Lililoteremshwa kuanzia katikati tu ni imara na zito, liache.

Umbo la ncha nalo lisikupumbaze. Ncha inayoshuka polepole kutoka mgongoni inafanya karibu kila kitu. Bapa lenye makali yaliyonyooka kama wembe linafaa maboksi na vijiti, na ndilo jepesi kuliko yote kunoa. Ncha za kijapani zenye kona ni za picha.

#11 Kinoo

> Feleji62 alisema: Kwenye maboksi haichoki

Kwa maboksi ni kweli, kwani karatasi ngumu ina mchanga mchanga unaosugua makali taratibu, na hapo wingi wa kabaidi ngumu unalipa. Ile mitihani ya maabara unayoona inanukuliwa, ya CATRA ya Sheffield, nayo hukata karatasi zenye asilimia 5 ya silika. Yaani inapima kusuguliwa. Haikuambii makali yatafanyaje yakigonga pini ya boksi au fundo la mti. Kwa hiyo chati inayoweka S90V juu ya kila kitu haisemi uongo, inajibu swali moja.

Pembe nayo. Feleji ileile ukiitoa nyuzi 20 kila upande ukaileta 15 inakata muda mrefu zaidi, na mara nyingi faida hiyo inazidi ya kuhama feleji moja kwenda ya juu yake. S90V iliyonolewa nyuzi 22 kwa woga wa kumeguka inaweza kushindwa na 14C28N iliyonolewa 14.

#12 Feleji62

Nakubali. Ila usiifanye 14C28N kuwa dawa ya kila kitu. Kwa maboksi kumi kwa siku ataigusisha jiwe kila wiki, wakati S35VN au MagnaCut zitaenda mbali zaidi.

#13 Kinoo

Kuigusisha ni dakika mbili. Haya, tusivutane.

#14 Nati Kavu

Nyinyi mnagombania bapa, na mtu atakatwa vidole kwa kufuli bovu. Feleji nzuri ndani ya kufuli baya ni wembe unaojifunga wenyewe.

Aina utakazokutana nazo:

Laina. Kipande chembamba cha chuma ndani ya mpini kinajipinda na kusimama nyuma ya shina la bapa (mwisho wake ulio upande wa mpini). Fremu ni wazo hilohilo, ila ukuta wenyewe wa mpini, kwa kawaida titani, ndio unaojipinda. Chris Reeve ndiye aliyeileta hiyo kwenye Sebenza. Kwa zote mbili angalia inasimama wapi kisu kikifunguka: theluthi hadi nusu ya upana wa shina ni sawa. Kisu kipya ambacho kipande kimeshavuka robo tatu hakina pa kwenda kikichakaa. Fremu ya titani isiyo na kiraka cha chuma pale inapogusa shina italiwa polepole, na wakati mwingine inanata: unaifungua, haitaki kuachia. Dawa ya kunata ni kupaka penseli kwenye uso wa shina, ikirudi baada ya wiki mbili uso haujachongwa vizuri, rudisha kisu.

Mgongo. Ulimi mrefu unaingia kwenye pengo la shina. Ni wa zamani na unaaminika. Adui wake ni uchafu kwenye pengo, ukijaa ulimi haushuki hadi chini. Mwenye kisu hiki awe na kijiti cha meno.

Pini ya kukingama. Benchmade waliileta kwa jina la Axis, na sasa viwanda vingi vinatengeneza. Kipini kinalala kati ya shina na mpini, kinasukumwa na springi mbili nyembamba zenye umbo la herufi U. Inafaa mkono wowote na vidole havipiti mbele ya makali ukifunga. Springi hizo hukatika. Ikikatika moja kufuli bado linashika, ila kabla ya kununua uliza kama kiwanda kinatoa za ziada.

Kufuli la mbano la Spyderco: kipande kama laina, lakini kiko upande wa mgongo na kinajibana kati ya shina na pini ya kuzuia. Imara, na vidole viko salama.

Kitufe: ni kitamu kuchezea. Kitufe kinavyochakaa bapa linaanza kucheza juu na chini.

Pete ya Opinel, tangu 1955, unaizungusha kwa mkono. Haina springi ya kukatika.

Visivyo na kufuli, kama Victorinox vingi, bapa linashikwa na springi ya mgongo tu. Kwa matunda na maboksi havina tatizo, ilimradi usichome kwa ncha.

#15 MfukoWaKulia

Nati Kavu asante, hiyo ya theluthi hadi nusu sikuijua. Beringi au washa (zile pete bapa) kwenye bawaba?

#16 Nati Kavu

Washa za shaba (fosfa bronzi). Beringi zinafungua kwa kasi na ulaini, lakini vumbi la maboksi na majimaji ya matunda yanaingia kati ya vigololi na kukwama humo, na vigololi vya chuma cha kawaida hushika kutu hata kama bapa ni la MagnaCut. Washa unafuta tu, tone moja la mafuta, basi. Skrubu nazo mara nyingi ni chuma kingine kabisa, kwa hiyo kutu ya kwanza utaiona hapo.

#17 Mpini Mwepesi

Naongezea mpini kwa kifupi. G10 (kitambaa cha kioo na gundi) haijali maji wala jasho. Mikarta (kitambaa au karatasi na gundi) inashika vizuri ikilowa. Titani inateleza mpaka ichongwe mistari. Alumini ni nyepesi na inapata makovu. Plastiki yenye nyuzi za kioo inadharauliwa bure, ni nyepesi kuliko zote na haivunjiki ovyo. Kwa kisu cha kila siku usizidi gramu 110, na bapa la sentimita 7 hadi 9. Kizito utakiacha nyumbani, hapo feleji yake inakata nini?

Klipu: iwe na nafasi ya kuhamishwa, na iwe ya chuma kilichokunjwa. Ile iliyochongwa kutoka kipande kimoja cha titani ni nzuri kuangalia, ila ikipinda hairudi vizuri.

Na angalia sheria ya unapoishi. Uingereza kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62) unaruhusiwa kutembea nacho, ila kikiwa na kufuli tu, unahitaji sababu ya msingi. Kwingine kinachohesabiwa ni kufungua kwa mkono mmoja. Kwenye mzigo wa mkononi wa ndege usijaribu.

#18 MfukoWaKulia

Sasa turudi kwenye kinoo. Hilo jiwe langu litaweza S35VN? Na M390?

#19 Kinoo

Jiwe lako kwa uwezekano mkubwa ni oksidi ya alumini, au silikoni kabaidi upande mkwaruzo. Oksidi ya alumini ina ugumu wa Vickers wa karibu 2100. Rudi juu uone kabaidi ya vanadiamu: 2800. Yaani unajaribu kunoa kitu kwa kitu laini kuliko punje zake. Chuma kinachoshikilia punje kinalika, punje zenyewe hazikatwi. S35VN yenye vanadiamu 3 itanoleka, taratibu. M390 inawezekana, kwa subira. S90V utamaliza jiwe kwanza.

Nunua bamba la almasi, namba 400 (mkwaruzo) upande mmoja na 1000 (laini) upande wa pili. Hilo moja linanoa feleji zote zilizotajwa humu. Namna ya kufanya:

Paka wino wa kalamu ya maka kwenye mnoo wote. Pima urefu wa kuinua mgongo kutoka kwenye bamba: upana wa bapa mara 0.26 ni nyuzi 15, mara 0.29 ni nyuzi 17, mara 0.34 ni nyuzi 20. Bapa la upana wa milimita 25 kwa nyuzi 17 linainuliwa milimita 7.3. Tafuta sarafu zilizopangwa zifike hapo, ziwe kipimo cha macho cha kuanzia. Piga mara mbili, tazama wino. Umefutika juu tu, umelaza mno. Umefutika ukingoni tu, umeinua mno.

Piga upande mmoja kwa 400 hadi usikie kwa kidole unyuzi wa chuma (ukingo mdogo uliojikunja) upande wa pili, kuanzia shina hadi ncha. Usihamie upande mwingine kabla unyuzi haujafika ncha, hili ndilo kosa namba moja na ndilo linaloacha ncha butu. Geuza, rudia. Kisha kwa kubadilishana, kila pigo jepesi kuliko lililotangulia, mpaka uzito uwe wa kisu chenyewe. Bamba jipya la almasi lina vipembe vikali, ukikandamiza vinang'oka na kuacha michirizi mirefu.

Hamia 1000, mapigo kumi kila upande kwa mkono mwepesi. Malizia na ngozi iliyopakwa almasi ya mikroni 1, mara tano hadi kumi, bila kuipinda ngozi. Kwa kamba na ngozi ya nyanya unaweza kuishia 400, makali yenye meno madogo yanashika vizuri kuliko yaliyong'arishwa kama kioo.

#20 Mchonga Vijiti

Kinoo ongeza hili: unyuzi wa feleji hizi ni mbishi. Unaonekana umeondoka kumbe umelala upande mmoja. Kisu kinanyoa nywele leo, kesho butu, mtu anakimbilia kulaumu upikaji. Shika tochi, elekeza mwanga juu ya makali, ukingo ukimetameta mahali popote, unyuzi bado upo. Inua nyuzi mbili zaidi, pigo moja jepesi kila upande, halafu rudi kwenye ngozi.

#21 Feleji62

Na usisubiri kiwe butu kabisa. S90V iliyoguswa kwenye ngozi ya almasi kila wiki haileti tabu yoyote. Iliyoachwa miezi sita ndiyo inayowaliza watu.

#22 MfukoWaKulia

Nimeona visu vyenye "S35VN" na "M390" kwa bei ya 14C28N. Vinaaminika?

#23 Tupa Bapa

Kwa macho huwezi kujua, hata fundi hawezi. Mashine ya miale ya eksirei inasoma kromiamu, vanadiamu, molibdenamu, ila zile za mkononi hazisomi kaboni wala nitrojeni. Kwa hiyo inaweza kumkamata anayeuza feleji ya kromiamu 13 isiyo na vanadiamu kwa jina la M390, lakini haiwezi kukuambia kama ilipikwa sawa. Chuma halisi kilichopikwa vibaya kitapita mtihani huo kikicheka.

Dalili za kutilia shaka: alama ya kiwanda maarufu kwenye kisu ambacho kiwanda hicho hakina kwenye orodha yake, skrubu za aina tofauti kwenye mpini mmoja, maandishi ya feleji yaliyofifia au yenye mwanya usio sawa. "Chuma cha upasuaji" na "feleji ya Japani" bila jina lolote si feleji, ni nyimbo.

Ukikipokea, fanya hivi kabla muda wa kurudisha haujapita. Fungua, funga kufuli, shika bapa kwa kitambaa kutoka mgongoni, sukuma kushoto na kulia, kisha juu na chini. Kucheza kushoto na kulia kunatibika kwa kukaza skrubu ya bawaba robo ya robo ya mzunguko. Kucheza juu na chini ni kufuli, hakutibiki kwa bisibisi. Kandamiza mgongo kwa mkono taratibu, vidole vikiwa nje ya njia ya makali. Usigonge mgongo mezani kama wanavyofanya kwenye video, unaharibu uso wa kufuli zuri. Funga utazame kutoka juu: bapa likiegemea upande kidogo bila kugusa laina si hoja, likigusa rudisha. Mwisho kata ukanda wa karatasi kuanzia shina hadi ncha, usikie linapokwama.

#24 Nati Kavu

Kama utakaza skrubu, nyingi ni Torx T6, T8 au T10. Nunua bisibisi nzuri, kichwa cha T6 kinaharibika ukikitazama vibaya. Ikigoma, ni gundi ya nyuzi: gusa kichwa kwa ncha ya soldering'i ya moto sekunde 20 hivi, italainika. Ukirudisha tumia tone dogo la gundi ya bluu, si nyekundu. Na soma dhamana kwanza, baadhi ya viwanda wanaifuta ukifungua kisu.

#25 Kinoo

Basi kwa kazi za mleta uzi. Ukibaki na jiwe lako: 14C28N ya 60 na zaidi, bapa jembamba, pesa iliyobaki weka mfukoni. Ukinunua bamba la almasi: MagnaCut ya 62 hadi 64, au S35VN ikiwa MagnaCut inaruka bajeti. M390 kama unakata maboksi kuliko kitu kingine chochote na huchongi mbao. S90V na D2 ziondoe, moja kwa sababu ya kunoa, nyingine kwa sababu ya maji ya matunda.

#26 Feleji62

Ningeacha S90V kwenye orodha, ila sitapigana.

#27 MfukoWaKulia

Nimeamua: bamba la almasi 400/1000, na kisu cha MagnaCut chenye pini ya kukingama, washa za shaba, mpini wa G10, gramu 85, mgongo milimita 3. Kiwanda kinasema HRC 62–64.

#28 Mchonga Vijiti

Unene juu ya makali?

#29 MfukoWaKulia

Hawajaandika.

#30 Mchonga Vijiti

Muulize muuzaji kabla hujalipa. Akiwa na kalipa (kifaa cha kupimia unene), apime milimita moja juu ya mnoo, sehemu tatu: karibu na shina, katikati, karibu na ncha. Asipokuwa nayo, mwombe picha ya bapa lililofunguliwa, kamera ikitazama kutoka ncha kuelekea kwenye mpini. Ukiona mabega mapana pembeni mwa mnoo, tafuta kingine.